Chumba cha Juu, Bethesda

Saumu alicheka aliponiona napima kwa kamba.
"Chumba cha kusomea, au cha kukwepea vyombo?"
Vyote viwili, nikamwambia, hebu sogeza ndoo.
Urefu hatua nne. Upana, nikinyoosha mikono,
vidole vinagusa rangi inayobambuka huku na huku.
Kabatini mna tangi la maji ya moto,
usiku linaguna kama mgeni asiyezoea kitanda.

Humo tulitupa kila tulichoshindwa kukiamulia:
godoro la wageni wasiokuja,
baiskeli ya Salha ya magurudumu matatu,
sanduku tulilotoka nalo Tanga,
kamba yake ileile, fundo la marehemu mjomba.

Jumamosi tatu nilikwangua ukungu.
Meza niliipata kanisani, walipofunga milango na kuuza vyao;
mguu mmoja mfupi, nimeuwekea bili za gesi.
Kiti nilikataa chenye magurudumu:
kati yangu na vitenzi, mmoja wetu sharti atulie.

Meza niliielekeza ukutani.
Dirishani kuna mlima wa mawe yaliyovunjwavunjwa
na kondoo juu yake; najijua,
ningehesabu kondoo.
Bi Eirlys wa nyumba ya pili akapanda na keki,
akatazama, akatikisa kichwa.
"Unaupa Kiwelisi mgongo," akasema.
"Kiko huko nje, kinalowa."
Tukaigeuza meza, yeye na miaka yake sabini na sita
akishika upande mzito.

Ubao sikununua.
Upepo wa Januari uliangusha kigae cha paa,
jiwe la kijivu, jembamba kama chapati ya Saumu,
nikakipachika kwa misumari miwili na ruhusa ya Bwana Pritchard.
Chaki inakwaruza.
Chuoni Pangani tuliandika ubaoni kwa wino,
tukaosha, tukaandika tena;
maji yale ya wino wengine waliyanywa.
Mimi hapa nafuta kwa soksi.

Basi nikabandika karatasi.
*Cadair* kitini. *Bwrdd* mezani. *Ffenestr* kiooni,
ikajikunja kwa unyevu siku hiyohiyo.
D mbili hazikunisumbua, ni dh ya dhahabu,
ninayo tangu kunyonya.
Ila zile L mbili! Weka ulimi kama wa kusema *la*,
kisha puliza, kama unafufua makaa.
Nimepuliza wiki nzima, tangi linanijibu.

Salha ana miaka minane.
Shuleni anacheza kwa lugha hiyo, anagombana kwayo,
nasikia usingizini anaiota,
na mimi nyuma ya ukuta sielewi kama ni ndoto njema.
Hicho ndicho chumba. Mengine ni rangi.

Jana aliingia na soksi moja, akasoma kuta zote.
Mlangoni akasimama.
"Baba, hapa umeandika *drws*."
Nimekosea?
"Hapana. Huo ni mlango tu. Hata wa dukani.
Huu ni wa nani?"

Nikakawia.
Wa Bwana Pritchard, anayekuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi?
Wa aliyelala humu kabla yetu,
aliyechonga mistari ya urefu wa mtoto kwenye fremu
akaishia kifuani kwangu?
"Wangu," nikasema, kama mtu anayejaribu kofia.
Akachukua kalamu, akakata d,
akaandika: *fy nrws*.

Kumbe nao wanabadili vichwa vya maneno!
Sisi mtoto, watoto; kiti, viti;
wao neno likipata mwenyewe
linavua kofia mlangoni.
Nikalisema mara tatu, la tatu kwa sauti.

Chini, maji yakazimwa.
"Unaongea na nani huko?"
"Na mlango wangu!"
"Wako?" Sahani ikagonga sahani. "Wako peke yako?"

Salha akacheka, akageuza karatasi.
Upande wa pili, polepole, herufi kubwa:
*ein drws ni*. Mlango wetu.
Na d imerudi mahali pake.